Mnyoo wa Mpira kwenye Bwawa la Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeweka riziki katika maji ya chumvi na katika maji matamu, akawapa waja wake mikono ya kuitafuta na subira ya kuingoja. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, nataka kusimulia habari ndogo ya mnyoo wa mpira, usiozidi urefu wa kidole, na namna Mola alivyoutumia kumrudisha kaka yangu kwenye sahani yake.

Sisi ni watu wa Matondoni, kisiwani Amu, ambako wengine hupaita Lamu. Kaka ni mkubwa wangu kwa kuzaliwa na kwa kifua. Yeye aliingia baharini kabla hajaota ndevu. Mimi nilipelekwa chuoni nikasome Kurani, na huko nikabaki, kwanza mwanafunzi, kisha mwalimu, mpaka leo watoto wa wale niliowasomesha wananiletea watoto wao. Kwa hiyo tuligawana kazi bila kuagana: yeye alileta samaki, mimi nilileta dua. Akitaka kunitania husema kwamba katika mgawanyo ule ni yeye peke yake aliyelowa.

Ana tabia moja ambayo watu wote wa kwetu wanaijua. Hajapata kula samaki aliyenunuliwa. Samaki wake ni yule aliyemtoa majini kwa mkono wake mwenyewe. Harusini akila, hula wali na nyama. Akialikwa futari penye samaki, huuliza, "Nswi huyu ni wa nani?" Nswi ndiye samaki, kwa lugha yetu ya Kiamu. Akiambiwa ametoka sokoni, hujivutia bakuli la tambi. Hapana aliyemfundisha hivyo. Ni fahari yake tu, nami siku zote niliiona ni fahari isiyomdhuru mtu.

Miaka michache iliyopita kizunguzungu kikaanza kumshika. Mara ya kwanza alidhani ni jua. Mara nyingine alianguka ndani ya mashua, wenzake wakamdaka kwa fulana. Daktari alimpima, akamwambia kwa upole kwamba kuvuka na boti mpaka Mokowe, bandari ya upande wa bara, akiwa ameketi katikati, hakuna neno, lakini kuvua baharini ndiyo basi. Kaka hakubishana naye. Aliziweka nyuzi zake na ndoana zake katika kikapu, akahamia na mkewe kwenye shamba la minazi tuliloachiwa na baba yetu, huko bara, mahali ambapo hata ukipanda juu ya mnazi huioni bahari. Alipachagua kwa sababu hiyo hasa.

Nilidhani amepumzika. Siku moja nilipokwenda kuwatazama, shemeji yangu alinifuata mpaka nyuma ya banda la kuku, asije akasikiwa.

"Shemeji, nduguyo hali samaki."

"Najua, hali wa kununua."

"Na wa kuvua hana tena. Basi ndiyo hali kabisa. Nimempikia nguru wa nazi, akasukuma sahani. Nikamwambia nimepewa na jirani, akaniuliza, jirani gani huku shambani mwenye nguru? Maharage analamba vijiko viwili. Hebu mtazame kikoi chake, anakizungusha mara mbili kiunoni."

Nikamtazama, nikaona kweli. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, mikono juu ya magoti, kama mgeni anayengoja kuitwa. Hakunitania hata mara moja siku ile. Hofu yetu, mimi na shemeji, haikuwa juu ya samaki. Mtu akiacha chakula alichokila umri wake wote, hujui ataacha nini kingine. Tayari alikuwa ameacha mzaha.

Mpaka mmoja na shamba letu kuna shamba la mama aliyekuja kutoka bara ya mbali, kule kwenye baridi. Ni Mkristo, mcheshi, na mchapakazi asiyejua kukaa. Amechimba bwawa, akalitandika turubai la plastiki ili maji yasinywewe na mchanga, akafuga perege. Yeye huwaita tilapia. Ng'ombe wake hunywa maji ya bwawa hilohilo. Nilikwenda kwake na madafu, nikamweleza habari za kaka bila kuficha, nikamwomba atuachie tuvue kidogo.

"Vueni tu, mzee wangu," akasema. "Hawa wamezaana mpaka wanakanyagana. Lakini nina sharti moja. Msinitilie uoza humu. Kuna jamaa alikuja na matumbo ya kuku, maji yakanuka, ng'ombe wangu wakagoma kunywa. Sitaki nyama, sitaki dagaa, sitaki minyoo."

"Na unga?"

"Unga pia hapana. Chakula chao nakipima mwenyewe."

Nikampelekea kaka habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa tutawavuaje? Tuwaite kwa majina?"

Ilikuwa nusu ya mzaha, nami nikaishika nusu hiyo kwa mikono miwili. Nikarudi Amu kutafuta chambo kisichooza.

Nakiri kwamba sikujua lolote. Maisha yangu yote nimemla samaki lakini sijamshughulikia majini. Duka la zana za uvuvi nililoingia lilikuwa la kijana mmoja mchangamfu, na ukuta wake wote ulijaa visamaki vya plastiki vya kila rangi, vijiko vya chuma vinavyong'aa, na manyoya mekundu yaliyofungwa kwenye ndoana. Niliposema nataka chambo bandia, aliniteremshia kisamaki kirefu kama kiganja, chekundu na cheupe, chenye ndoana za meno matatu mbele na nyuma.

"Hii ndio moto, mzee. Hii nguru haikatai."

"Sivui nguru. Navua perege, bwawani."

"Perege?" Akacheka. "Mzee, hii perege atadhani ni mjomba wake amekuja kumtembelea."

Alichakura chini ya meza mpaka akapata kisanduku chenye vitu vidogo, vumbi limekaa juu. Humo mlikuwa na kijiko kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kibati kinachozunguka kwenye waya, kichura cha plastiki kinachoelea, na minyoo ya mpira laini, mieusi na ya rangi ya udongo, pamoja na ndoana ndogo za kuivisha. Nikamuuliza kipi ni rahisi kwa mtu asiyejua. Akasema vyote ni rahisi ukishajua. Nikachukua vyote, kwa kuwa sikuwa na elimu ya kuchagua.

Elimu hiyo niliipata nyumbani, kwenye birika. Wasiozizoea nyumba za kwetu nawaeleza kwamba birika ni kisima kidogo cha kujengwa, tunachowekea maji ya kuogea na kutawadhia, na tangu enzi za wazee humo huwekwa visamaki vidogo viwe vinakula viluwiluwi vya mbu. Mimi nina visamaki vyangu, na nilijiambia kwamba samaki ni samaki. Nikaviosha vile vyambo vizuri, nikaviondolea ndoana, nikavifunga uzi mmojammoja, nikainama juu ya birika baada ya sala ya asubuhi.

Kijiko nilipokiburuta kilimetameta, na visamaki vyote vikakimbilia pembeni, vikabaki huko. Kibati kilizunguka vizuri sana, lakini ilinibidi nikivute bila kusita. Nikipumzisha mkono tu kinazama kama jiwe. Kichura kilielea juu kikinitazama, wala hapakuwa na aliyekijali. Mnyoo mweusi nilipoutia, ulishuka polepole huku mkia ukitikisika wenyewe, na mimi sifanyi chochote. Kisamaki kimoja kikasogea. Kikaunusa. Kikaugusa kwa mdomo, kikarudi nyuma, kikaja tena na mwenzake. Hapo nikafahamu mambo mawili. La kwanza, mdomo wa samaki mdogo ni mdogo, kwa hiyo chambo kiwe chembamba na ndoana iwe ndogo. La pili, kwa anayeanza chambo bora ni kile kinachofanya kazi wakati yeye mwenyewe hafanyi kazi.

Sauti ya mke wangu, aliyedhani nacheza na maji, ikatoka mlangoni. "Subhana Llah! Mzee mzima wateza na mai ya kutawadhia!"

"Sitezi, nasoma."

"Wasoma nini humo?"

"Tabia za samaki."

"Basi ukihitimu, niambie nipike wali."

Nikakata minyoo miwili ikawa mifupi zaidi, nikavuka.

Kaka alivikagua vyambo vile vyote mkononi, akavirusharusha kama mtu anayepima karafuu. Akaniuliza, na sura yake haikuonyesha kama anacheka, "Wewe maalimu, kumdanganya nswi kwa mnyoo wa uongo, hiyo si haramu?"

"Wewe ulipomwekea kamba wa baharini kwenye ndoana miaka yote hiyo, ulimwambia kwamba ndani kuna chuma?"

"Kamba alikuwa wa kweli."

"Na ndoana ilikuwa ya kweli zaidi. Sisi tunavua ili tule, hatumchezei kiumbe. Aliye mdogo tutamrudisha akue. Haya, twende."

Hakuinuka. Alitazama juu, kati ya makuti, akaniuliza, "Yeo mwezi wangapi?"

Mwezi nauhesabu kila siku kwa ajili ya funga na sala, kwa hiyo nilimjibu papo hapo kwamba leo mwezi una siku tisa.

"Mai mafu," akasema. "Mai mafu nswi hali. Twangoje bamvua."

Kwa asiye mtu wa pwani, bamvua ni siku za maji makubwa, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari inapojaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku za katikati, bahari inapolegea. Kaka alisema hivyo kwa uzito wa mtu aliyelishwa na bahari umri wake wote, nami nikatikisa kichwa kukubali, kwa uzito wa mtu aliyelishwa na kaka. Nikarudi Amu nikangoja mwezi ukomae. Hata njiani sikupitiwa na shaka.

Mwezi ulipokuwa mpevu nikavuka tena. Kaka alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake: maji yangepwa kabisa katikati ya asubuhi, kisha yangeanza kurudi karibu na adhuhuri, na hapo ndipo samaki huingia kula. Basi tukaenda bwawani jua likiwa utosini. Tukaketi kwenye ukingo, mwanzi mkononi, chambo bado hakijatiwa majini. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye kanzu. Maji yalikuwa yametulia kama kioo.

Mama mwenye bwawa alitutazama kutoka jikoni kwake kwa muda mrefu, mwisho akaja na mwavuli.

"Wazee wangu, mko sawa? Mnafanya nini kwenye jua hili?"

"Twangoja mai yajae, Bi," kaka akamjibu.

Mama akalitazama bwawa. Akatazama bomba lake. "Yajae kutoka wapi? Mfereji nimeufunga."

Kaka alilitazama lile turubai, akaufuata ukingo wake kwa macho mpaka akarudi alipoanzia. Kisha akanigeukia mimi.

"Maalimu."

"Naam, kaka."

"Na wewe ukakubali."

"Wewe ndiye mvuvi!"

"Na wewe ndiye uliyesoma!"

Akaanza kucheka. Kwanza mabega tu, kisha kifua, kisha mwanzi ukamponyoka. Mama naye, aliyekuwa akijizuia kwa heshima ya ndevu zetu, akashindwa. Tulicheka wote watatu, na shemeji yangu akatoka mbio kule shambani akidhani pametokea msiba. Alipomkuta mumewe amejishika mbavu, alisimama palepale, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Hawa mimi nawalisha asubuhi na jioni," mama akatuambia alipopata pumzi. "Saa hizi wako chini kwenye baridi. Njooni jua likipoa."

Tukarudi baada ya alasiri. Hapo kaka akafanya alivyozoea. Aliipita minyoo yangu, akafungua kikapu chake cha zamani, akatoa kisamaki chekundu na cheupe, ndugu wa kile nilichokikataa dukani. "Chambo kikubwa, nswi mkubwa," akasema, akakirusha kwa mkono wa baharini. Kilipokwenda nyuma ili kije mbele, kilinasa kofia yangu ya viua, yenye nakshi za uzi, ambayo mke wangu aliishona kwa miezi, kikaenda nayo mpaka katikati ya bwawa. Kofia ikaelea. Perege, ambao kile kisamaki kiliwatia hofu, wakarudi mmojammoja wakaanza kuidonoadonoa kofia.

"Waona?" nikamwambia. "Wanataka kitu kidogo na laini."

"Naona. Wanataka elimu."

Tuliivuta kofia kwa taratibu, tukiogopa zile ndoana za meno matatu zisije zikatoboa turubai la watu. Sababu hiyo peke yake ingetosha. Bwawa lililotandikwa plastiki halitaki ndoana nyingi. Kaka alikirudisha kile chambo kikapuni, akaosha mikono, akaninyooshea kiganja. Nikampa mnyoo mweusi.

Tuliuvisha kwenye ndoana ndogo moja, ncha yake imefichwa ndani ya mpira, tukafunga na kipande cha gogo laini kiwe boya. Hatukutia chubwi la kuzamisha uzi, maana mnyoo wenyewe unashuka kwa uzito wake, na kishindo kidogo tu huwafukuza. Boya lilitulia. Kisha likatikisika. Kaka akavuta kama alivyokuwa akimvuta nguru, kwa mgongo na mabega, mnyoo ukaruka juu ya vichwa vyetu ukanasa kwenye mpapai.

Alivuta hivyo tena na tena. Mkono uliojifunza jambo kwa umri mzima hausikii upesi. Nilimwambia angoje boya lizame lote, kisha ainue tu. Akanung'unika kwamba huko si kuvua, ni kumwinua mtoto aliyelala. Nikamwambia basi amwinue hivyo. Adhana ya magharibi ilisikika kwa mbali, nasi hatuna kitu, tukakunja uzi tukaenda kusali. Lakini njiani aliniuliza, "Kesho, baada ya alfajiri, au wataka kulala?"

Siku ya pili tulikwenda umande ungali kwenye majani. Nilimjaribia mnyoo wa rangi ya udongo, kwa kuwa maji ya asubuhi yalikuwa yamechafuka kidogo, lakini hawakuutaka, tukarudia mweusi ambao ulionekana vizuri zaidi. Kaka aliketi kimya. Sikuwa nimepata kumwona anavua, kwa kweli. Miaka yote nilimwona akiondoka na nilimwona akirudi. Sasa nilimwona katikati: macho yake nusu yamefumba, kidole kimoja juu ya uzi, pumzi ndefu. Niliwahi kuwasomesha watu unyenyekevu katika sala nami sina uhakika kama niliwahi kuufikia ule.

Boya lilizama. Hakuvuta. Alingoja kidogo, akauinua mwanzi kwa mkono mmoja kama mtu anayefunua pazia, na perege akaja juu akipiga mkia, mpana kuliko kiganja cha kaka, na kiganja cha kaka si kidogo.

"Bismillahi," akasema, akamshika.

Furaha yangu ilikuwa kubwa mpaka nikaanza kuwaza nazi na ndimu. Ndipo nilipoiona sura ya kaka imebadilika, nikakumbuka. Katika nyumba yetu kuna desturi tuliyoirithi kwa baba: samaki wa kwanza wa uzi mpya haliwi na aliyemvua. Hutolewa sadaka, apewe jirani, ili uzi upate baraka. Baba hakuwahi kuivunja, wala kaka. Na uzi ule ulikuwa mpya, na mwanzi mpya, na bwawa jipya.

"Wa pili utakula," nikamwambia.

"Inshallah," akasema. Alimfunga perege kwenye jani la mgomba, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama.

"Bi, huyu ni wako."

Mama akashangaa. "Mzee, si ni yuleyule wangu? Unanipa samaki wangu mwenyewe?"

"Alikuwa wako akiwa majini. Alipotoka akawa wangu, kwa idhini yako. Sasa ni wako tena, kwa sadaka."

"Haya, asante," mama akasema, akiwa bado anaigeuzageuza hesabu ile kichwani.

Tukarudi kuvua. Perege hawakula tena. Jua lilipanda, tukaondoka. Jioni hawakula. Shemeji alipomletea kaka maharage, alikula kijiko kimoja tu, nikaona ule mwanzo mzuri unataka kutuponyoka. Samaki mmoja alimpata, na huyo mmoja akampita mkononi.

Tukiwa bado tumeketi ukumbini, mama akaja na sahani iliyofunikwa. Alikuwa amemkaanga yule perege, akamwekea nyanya na vitunguu kwa mapishi ya kwao, akakata nusu nzima kutuletea.

"Mimi na watoto tumeshiba," akasema. "Nikaona haifai mzee avue halafu alale bila kuonja. Sufuria ni safi, nimetumia mafuta ya kawaida."

Alipoondoka, sahani ilibaki katikati ya mkeka. Harufu ilikuwa nzuri. Shemeji alinitazama mimi. Kaka alitazama sahani.

"Siwezi," akasema taratibu. "Ni wa kwanza. Nimeshamtoa."

Miaka yote nimesomesha watu hukumu za udhu, za mirathi, za ndoa na talaka, na sikumbuki kama iliwahi kunipendeza elimu yangu kama dakika ile. Nikasogea karibu naye.

"Kaka, nisikilize. Samaki huyu amenunuliwa?"

"La."

"Nani aliyemvua?"

"Mimi."

"Ulimtoa sadaka, na sadaka yako imefika. Mama akammiliki. Kilichofika mkononi mwa aliyepewa ni mali yake, ana haki ya kukifanya atakavyo. Yeye naye amekupa zawadi. Kitu kile kile, lakini hukumu yake imegeuka njiani: kwako kilitoka sadaka, kwako kimerudi hadiya. Hayo si maneno yangu, ni mambo tuliyosomeshwa tangu wadogo, na waliotutangulia walio bora kuliko sisi walikula hivyo. Ukimrudisha sasa, utakuwa umeitupa zawadi ya jirani."

Kaka alinikazia macho kutafuta kama ninamfanyia hila. Sikuwa nikimfanyia. Kila neno lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililonifurahisha.

"Uzi hautakosa baraka?"

"Baraka ndiyo hii imekuja imefunikwa na sahani."

Akanawa. Akasema bismillahi, akachomoa kipande mgongoni, akakitia kinywani. Alitafuna kwa muda, akakunja uso.

"Hana chumvi ya bahari," akasema. "Ana ladha ya udongo."

Akachukua kipande kingine. Kisha kingine. Akamla mpaka miiba ikabaki safi kama kitana, akalamba vidole, akasema alhamdulillahi, na ndipo alipokumbuka kutukaribisha. "Kumbe!" akasema. "Hamli?" Shemeji aliinuka haraka kwenda jikoni, eti kutafuta maji, akakaa huko mpaka alipoweza kurudi.

"Maalimu," kaka akaniambia, "kumbe kule kusoma kwako kulikuwa na faida."

"Na kule kulowa kwako."

Siku hizi ana kisanduku chake. Nikienda kumtembelea nakikuta kimepangwa: minyoo mieusi mingi, ya rangi ya udongo michache, na kile kibati kidogo kinachozunguka, ambacho amejifunza kukivuta jioni upepo ukipiga maji, na anasema kina ladha yake mkono ukishazoea. Kijiko alikirudisha kwangu. Kichura amempa mjukuu wa mama achezee. Wanaokuja kumuuliza, na siku hizi wapo, huwaambia waanze na mnyoo wa mpira, mwembamba, mweusi, ndoana moja ndogo, na wawe na adabu ya kuinua badala ya kuvuta. Kikoi anakizungusha mara moja. Mwezi bado ananiuliza ni wangapi, na mimi bado namjibu, na mama akisikia hukohuko jikoni hupiga kelele, "Mfereji nimeufunga!"

Ewe unayesoma, Mola akupe riziki iliyo halali na mkono mwepesi wa kuitoa, na unachokitoa akurudishie kikiwa kimepikwa. Akupe jirani anayefunika sahani, na ndugu wa kucheka naye mbele ya maji yasiyojaa. Na siku bahari yako ikifungwa, akufungulie hata kabwawa kadogo, upate pa kutulia. Amina.